Kumi Ifungwe kwa Mkono: Hesabu za Nyumbani kwa Mtoto Anayehitaji Kushika

Wazazi wenzangu, walimu, nanyi vijana mnaosomea ualimu,

Mwandikieni mtoto wa darasa la tatu 52 kutoa 27, namba moja chini ya nyingine kama alivyozoea kwenye daftari lake. Wengi watawaletea 25. Yupo pia atakayeleta 35. Mpeni swali hilo hilo kesho, ataleta 35 ile ile. Mpeni 63 kutoa 48, ataleta 25. Mtoto huyu hakubahatisha wala si mzembe. Aliambiwa kwamba katika kutoa, ndogo hutolewa kwenye kubwa, naye ametii: katika safu ya kwanza ametoa 2 kwenye 7, akapata 5, katika safu ya pili ametoa 2 kwenye 5, akapata 3. Mwaka 1978 Wamarekani wawili, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha uchunguzi wao juu ya makosa ya watoto katika hesabu za namna hii. Walionyesha kwamba mengi ya makosa hayo yana kanuni yake, na mtoto huifuata kanuni hiyo kwa uaminifu.

Nimeanza na kosa hili kwa sababu dawa tunayolitolea nyumbani ndiyo inayolikomaza. Tunamwongezea maswali mengine ishirini ya aina ile ile. Anayafanya yote kwa kanuni yake iliyopotoka, na akifika la mwisho kanuni imeshaota mizizi. Tukiona hivyo tunapandisha sauti. Baada ya sauti, katika nyumba nyingi, hufuata kofi au fimbo. Mtoto anayehesabu huku akikinga kichwa hahesabu; akili yake yote iko kwenye mkono wa mzazi. Fimbo iondoke kabisa kwenye meza ya hesabu. Kwa hilo sina mjadala.

Kinachomkosesha mtoto wa 35 ni hiki: kwake yeye, 5 iliyomo katika 52 ni tano tu. Ameisoma, ameiandika, ameiimba darasani, lakini hajawahi kuishika mkononi kama makumi matano. Yote nitakayosema jioni hii yanatoka hapo.

Kila mtoto huanza kuhesabu kwa vitu. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyetumia maisha yake kuchunguza fikra za watoto, alichapisha mwaka 1941 kitabu juu ya namna namba inavyozaliwa akilini mwa mtoto. Moja ya majaribio yake mnaweza kulifanya nyumbani leo. Panga safu mbili za vizibo vya soda, sita juu na sita chini, vikitazamana. Muulize mtoto wa miaka minne wapi kuna vingi. Atasema ni sawa. Sasa, mbele ya macho yake, tawanya safu ya chini iwe ndefu, kisha muulize tena. Watoto wengi wa umri huo watasema ya chini ina vingi zaidi, ingawa hakuna kizibo kilichoongezwa. Namba bado haijatengana na nafasi ambayo vitu vimeishika. Itatengana baadaye, kwa kupanga na kupangua mara nyingi, na kwa wengi jambo hili hutokea bila mtu yeyote nyumbani kulitambua.

Wapo wanaohitaji muda mrefu zaidi. Mwaka 1974 mwanasaikolojia wa Chekoslovakia, Ladislav Košč, aliandika juu ya watoto wenye akili timamu katika mambo mengine ambao namba peke yake huwatoroka. Hali hiyo huitwa diskalkulia. Wataalamu wengi hukadiria kwamba inawapata watoto kati ya asilimia 3 na 7. Mtoto wa namna hiyo utamwona akihesabu kuanzia moja kila mara, hata kama mawe matatu aliyahesabu sekunde chache zilizopita. Ukimwuliza 8 na 6 ipi kubwa, anasita. Jedwali alilolijua jana leo halipo. Lakini si huyo peke yake anayehitaji kushika. Yupo mwenye usonji, ambaye neno lisiloonekana humpita. Yupo asiyesikia vizuri. Yupo aliyelala hospitali muhula mzima. Na yupo mmoja tunayemsahau mara nyingi: mtoto aliyeanza kuhesabu kwa Kiswahili kwa bibi yake, kisha akahamishiwa shule inayofundisha kwa Kiingereza, akapoteza majina ya namba kabla namba zenyewe hazijakomaa. Mzazi wa mtoto huyu wa mwisho namshauri afundishe kwanza kwa lugha ya nyumbani. Jina la Kiingereza likija baadaye litakuta namba ipo, litakaa mahali pake.

Sitaki mzazi aondoke hapa akimpa mwanawe jina la ugonjwa. Kupima ni kazi ya wataalamu. Kwa mzazi, jina lolote lile, kazi ya mezani ni moja.

Tena kazi hiyo haina aibu. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano, alitengeneza zana zake za kwanza akiwa na watoto wa Roma waliohesabiwa kuwa hawana akili. Mwaka 1907 alipofungua nyumba ya watoto katika mtaa maskini wa San Lorenzo, alizipeleka zana hizo kwa watoto wa kawaida, nazo zikawafaa vile vile. Leo zimo katika shule ambazo wenye fedha hulipia karo kubwa. Mwaka 1966 Jerome Bruner, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza kwamba mtu hujua jambo kwa njia tatu: kwa kulitenda, kwa kuliona katika picha, na kwa kuliandika kwa alama. Singapore ilijenga mtaala wake wa hesabu wa miaka ya 1980 juu ya mpangilio huo: kitu, picha, tarakimu. Kwa hiyo anayemwambia mtoto wa darasa la nne kwamba vijiti ni vya chekechea hajui vijiti vimesaidia nini duniani.

Sasa tuingie mezani.

Chukua ufagio wa chelewa uliochakaa. Kata njiti zake ziwe na urefu wa kidole cha shahada, upate mia moja na kidogo zaidi. Tafuta uzi, au kamba ya mgomba, au raba zile za kufungia noti. Basi, vifaa vimetimia.

Mtoto ahesabu vijiti kumi na kuvifunga kitita. Avifunge yeye, kwa mikono yake, hata kama anachukua muda na kitita kinalegea. Mzazi akimfungia kabla, mtoto atapokea kitita kama kitu kimoja kilichoshuka kutoka dukani, na kumi iliyomo ndani hataijua. Akimaliza kimoja afunge kingine. Siku ya kwanza vitita vitatu vinatosha. Siku nyingine aendelee, na vitita vikifika kumi avifunge pamoja viwe mia. Mia moja iliyofungwa kwa njiti za chelewa inajaza mkono wa mtoto. Mwacheni aibebe akawaonyeshe wengine nyumbani, kwa sababu watu wengi wazima tulijua mia kama moja yenye sifuri mbili, hatukuwahi kupewa uzito wake.

Akiwa na vitita, mpe tena 52 kutoa 27. Aweke mezani vitita vitano na vijiti viwili visivyofungwa.   Kwanza atoe vijiti saba. Vilivyopo ni viwili. Nyamaza. Hapa ndipo wazazi wengi tunapoharibu, tunatamka jibu kwa huruma. Mwache atazame meza. Mtoto aliyefunga vitita mwenyewe anajua vimetengenezwa na nini, na kwa kawaida mkono wake utakwenda kwenye uzi. Atafungua kitita kimoja, atakuwa na vijiti kumi na viwili, atatoa saba, vitabaki vitano. Vitita vimebaki vinne; akitoa viwili, vinabaki viwili. Jibu ni 25, na 35 ya jana haina pa kukaa, kwa sababu hakuna njia ya kuipata kwa vijiti hivyo.

Lakini kazi haijaisha hapo, na hapa nataka tukae kidogo. Deborah Ball, mwalimu na mtafiti wa Marekani, aliandika mwaka 1992 kuonya kwamba vitu havina uchawi; maana ya namba haimo ndani ya kijiti. Mtoto anaweza kusogeza vizibo mchana kutwa, akapata majibu yote, na kesho mbele ya karatasi akawa yule yule. Sababu ni kwamba vijiti vilikaa upande wake na tarakimu upande wake, na hakuna aliyemwambia kwamba ni jambo moja. Kwa hiyo pembeni ya vijiti kuwe na karatasi yenye safu mbili, Makumi na Mamoja. Kila mkono unapofanya jambo, kalamu iliandike papo hapo. Ameweka vitita vitano na vijiti viwili: anaandika 5 na 2. Amefungua kitita: anakata 5, anaandika 4 juu yake, na ile 2 inakuwa 12. Kile ambacho daftari la shule linakiita kukopa, sasa amekiona kikitokea. Mkono kisha kalamu, mkono kisha kalamu, hatua kwa hatua katika swali lile lile. Vijiti Jumatatu na karatasi Jumanne ni masomo mawili tofauti kwake.

Na aseme anachofanya. Mtoto asiyesema huku akitenda hupoteza nusu ya faida. Muulize kabla hajagusa chochote: "Unadhani vitabaki zaidi ya ishirini au pungufu?" Swali hilo linamlazimisha kutazama namba nzima badala ya kuvamia tarakimu moja moja.

Kuna jambo la majina ya namba ambalo mwenye mtoto wa namna hii hana budi kulizingatia. Kuanzia kumi na moja hadi kumi na tisa, Kiswahili kinamsaidia sana: kumi na tatu ni kitita na vijiti vitatu, anasikia kile anachokiona. Akifika ishirini msaada huo unakatika. Ishirini, thelathini, arobaini, hamsini: masikio hayasikii mbili, tatu, nne wala tano kwa mtoto asiyezijua tayari. Basi kwa wiki za mwanzo hesabuni vitita kwa kusema kumi moja, kumi mbili, kumi tatu, kumi nne, kisha mtaje jina lake: kumi nne, arobaini, kumi tano, hamsini. Mtoto anayepoteza njia kati ya sitini na sabini hurudi mwenyewe akiambiwa "kumi sita, kumi saba".

Wengine mtauliza kwa nini nasisitiza vijiti, wakati vizibo vinaokotwa bure kila duka la soda. Vizibo ni vizuri kwa kuhesabu na kwa kupanga safu, na nitavirudia. Kwa kumi havifai mpaka vitobolewe na kupangwa kumi kumi kwenye waya. Maharage yanabingirika, hayafungiki, na katika nyumba zetu chakula si cha kuchezea. Nimeona pia ushauri wa kutumia kizibo chekundu kuwa kumi na cheupe kuwa moja. Msianze na hicho. Kizibo chekundu hakina kumi ndani yake. Kinasimama badala ya kumi, na hiyo tayari ni alama kama tarakimu yenyewe. Kije baadaye sana.

Kwa hoja hiyo hiyo, fedha si mahali pa kuanzia. Hapa Tanzania sarafu ya shilingi 200 si kubwa mara mbili ya sarafu ya 100, na noti ya 1,000 haina ndani yake sarafu kumi. Mtoto anayejua vitita ndiye anayefaidika na fedha, na hapo huzifaidi kweli: sarafu kumi za 100 zinabadilishwa kwa noti ya 1,000, noti kumi za 1,000 kwa noti ya 10,000, ni ule ule mwendo wa kufunga kumi. Jirani zetu wa Kenya wana bahati ya kuwa na sarafu ya 1 na ya 10, noti ya 100 na ya 1,000, ngazi zote nne mkononi.

Hata hivyo fedha ina nguvu ambayo daftari halina. Mwaka 1985 Terezinha Nunes, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha uchunguzi wao wa watoto watano wa mji wa Recife nchini Brazil, wa miaka 9 hadi 15, waliokuwa wakiuza bidhaa barabarani na sokoni. Pale pale penye biashara, watoto hao walipata asilimia 98 ya hesabu walizoulizwa kama wateja wanavyouliza. Hesabu za aina hiyo zilipoandikwa kama mafumbo ya shule, walipata asilimia 74. Zilipobaki tarakimu tupu, walipata 37. Mmoja wao, wa miaka 12, aliulizwa bei ya nazi kumi kwa cruzeiro 35 kila moja. Shuleni angefundishwa kuongeza sifuri. Yeye alianza na nazi tatu, 105; akaongeza tatu, 210; akafika 315, kisha 350. Ni njia ndefu, lakini kila hatua yake ina nazi ndani, na jibu ni sahihi. Watoto wa namna hiyo tunao. Mwenye sinia la karanga stendi anarudisha chenji bila kukosea, na asubuhi ya pili anaitwa mjinga wa hesabu. Mzazi wake amuulize anavyofikiri akiwa kazini, amsikilize hadi mwisho, kisha amwonyeshe namna ya kuandika kile kile alichofanya kichwani.

Kabla ya makumi kuna msingi mwingine, nao ni kuona namba bila kuihesabu. Binadamu huweza kutambua vitu hadi vitatu au vinne kwa kutupa jicho. Zaidi ya hapo huhitaji mpangilio, ndiyo maana sita ya dadu ya ludo tunaijua mara moja ingawa ni nukta sita. Kwa mtoto anayehesabu kuanzia moja kila siku, chukua trei ya mayai. Ni ya mayai 30, safu sita za matundu matano. Kata safu mbili. Umepata matundu kumi, tano juu na tano chini. Weka vizibo vinane. Anaona safu moja imejaa, ya pili ina vitatu, matundu mawili yako wazi. Nane imekuwa tano na tatu, na tena imekuwa kumi pungufu mbili. Mpe sasa 8 na 5. Katika vile vitano, viwili vinaziba matundu yaliyo wazi, vitatu vinabaki nje. Kumi na tatu. Vidole vyake havikuhusika, na hakuanza kuhesabu kutoka moja. Juu ya vidole niseme tu kwamba msimkataze. Vidole ni trei aliyozaliwa nayo, tano na tano.

Baada ya kitu inakuja picha, na picha isiwe ya kupendeza. Mstari wima ni kitita, nukta ni kijiti kimoja. 34 ni mistari mitatu na nukta nne. Mtoto aliyechoka kubeba vijiti huipenda njia hii mwenyewe. Tungeni pia shanga 100 katika uzi, kumi nyekundu, kumi nyeupe, hadi mwisho. Mwambie akuonyeshe ya 38, kisha aruke kumi mbele. Atafika ya 48 bila kuhesabu shanga moja, kwa sababu rangi zinambeba.

Swali ninaloulizwa na wazazi kuliko yote ni hili: ataacha lini? Ataacha atakapokuwa tayari, na dalili zinaonekana. Anatoa jibu kabla mkono haujamaliza. Anavitazama vijiti asiviguse. Ukiziona hizo, chukua kanga. Weka vizibo vinane mezani akiviona, vifunike, ingiza mkono utoe vitatu, umwonyeshe ulivyotoa. "Chini ya kanga vimebaki vingapi?" Sasa vitu vipo lakini havionekani, analazimika kuvishika kwa akili. Akikosea, fungua ahakiki, hakuna haja ya kumsahihisha kwa mdomo. Zoezi hili la kanga ndilo daraja kati ya mkono na kichwa, na ni afadhali kuliko kumnyang'anya vijiti kwa sababu mitihani imekaribia. Na mtoto mwingine ataviacha kwenye kujumlisha mwezi huu, kisha avirudie kwenye kugawanya mwezi ujao. Hajarudi nyuma. Jambo ni jipya, linaanza kwa mkono.

Kuzidisha nitakugusia kwa trei ile ile, safari hii nzima. Mtoto ahesabu safu sita za tano: 30. Aigeuze trei: safu tano za sita, na mayai hayajaongezeka. Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Jedwali la moja hadi kumi lina majibu 100 ya kukariri. Mtoto anayejua kugeuza trei anabaki na 55. Ukiondoa ya moja, mbili, tano na kumi, ambayo karibu kila mtoto huyapata kwa kuruka, yanabaki 21. Kumwambia mwenye kumbukumbu dhaifu kwamba amebakiwa na 21, ayapange kwa vizibo, mawili matatu kwa wiki, ni tofauti kabisa na kumpa karatasi ya 100.

Sehemu nazo zimo jikoni. Mtoto aliyetumwa robo ya sukari tangu akiwa na miaka sita anaijua robo kuliko anavyojua. Mwacheni apime robo nne kwenye mizani ya duka aone kilo. Wenye pishi nyumbani watumie vibaba vyao: vinne kwa pishi, kwa hiyo kibaba ni robo na vibaba vitatu ni robo tatu. Hapa bibi ndiye mwalimu. Mwaka 1967 John Gay na Michael Cole walichapisha uchunguzi wao kuhusu Wakpelle wa Liberia: watu wazima wasiosoma walikisia vikombe vya mchele vilivyomo katika bakuli kwa usahihi uliowashinda Wamarekani waliopewa kazi hiyo hiyo. Mama anayejua kwa jicho mchele wa watu saba ana ujuzi wa hesabu. Akisie kwanza, mtoto akisie naye, kisha wapime.

Saa inawasumbua watoto hawa kwa sababu mshale mfupi unaonyesha 7 nasi tunasema saa moja. Msimpe kazi ya kutoa sita. Mwonyesheni namba inayotazamana nayo upande wa pili wa uso wa saa: 7 inatazamana na 1, 8 na 2, 9 na 3. Akiweka rula katikati ya saa, jibu liko ncha ya pili.

Mchezo wa bao unafaa kwa mwendo wake wa kete moja shimo moja, na kwa kumzoesha mtoto kutabiri atakapoangukia. Kumi haufundishi, maana mashimo ni manane kwa safu, lakini mtoto anayeruka vitu akihesabu hupona humo haraka.

Nije sasa kwa watoto wakubwa. Uwezo, tathmini iliyowafuata watoto majumbani Kenya, Tanzania na Uganda kuanzia mwaka 2009 na 2010, ilikuta watoto wengi wa madarasa ya juu wakishindwa hesabu za darasa la pili. Tanzania ilianza mwaka 2015 kuyaelekeza madarasa mawili ya kwanza kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, na ilikuwa hatua njema, lakini kijana wa miaka kumi na mitatu aliyepita kabla hajaelewa bado yuko nasi. Huyo ukimwekea vizibo atakuona umemfanya mtoto mdogo. Mpeni tepu ya fundi cherehani, yenye sentimita 150. Mpeni futi kamba ya seremala, mizani, ndoo ya lita 20 na chupa za lita moja. Apime mlango, akate mbao, agawe maji. Kazi ni ile ile ya kushika namba, ila sasa ina heshima ya umri wake.

Muda wa meza ni dakika kumi na tano au ishirini kwa siku, si saa mbili za Jumapili. Anza na analoliweza, ishia kabla hajachoka. Kama mzazi hakusoma, kaka au dada aketi naye, na mzazi aulize lile swali la unadhani vitabaki vingapi; halihitaji cheti.

Kwenu walimu nina ombi moja. Mtoto akija darasani na mfuko wa njiti za chelewa, msimcheke wala msiruhusu wenzake wamcheke. Mwacheni azipange mezani wakati wa somo, na pale mamlaka ya shule yanaporuhusu, hata wakati wa jaribio. Jibu alilolipata kwa vijiti na jibu la aliyekariri ni jibu moja, na alama zake ziwe zile zile.